Acheni Kuongeza Unga: Mhadhara Kuhusu Skonzi Tamu za Kuviringisha

Mabibi na mabwana, waandaaji wameniomba nizungumzie skonzi tamu za kuviringisha kuanzia unga hadi mezani, nami nimekubali kwa shingo upande, kwa kuwa wanajua fika kwamba nikishafika kwenye unga huwa sibanduki hapo upesi. Skonzi zenyewe sitazieleza. Sidhani kama humu yupo ambaye hajawahi kugombania ile ya katikati ya trei.

Neno langu ni lile lile: acheni kuongeza unga wakati wa kukanda. Chukueni gramu 500 za unga wa ngano, mililita 260 za maziwa ya uvuguvugu, yai moja, gramu 75 za sukari, gramu 75 za siagi, gramu 7 za hamira kavu na kijiko kidogo cha chumvi. Vyote isipokuwa siagi vikichanganywa, donge litanata vidoleni, na hapo ndipo mpishi huingiwa na hofu, akanyunyiza konzi ya unga, kisha nyingine, hadi donge likakauka na mikono yake ikawa safi. Mikono imesalimika, skonzi zimeharibika. Unga ule haukuhitaji kuongezewa mwenzake. Ulihitaji muda wa kunywa maziwa. Funikeni bakuli, mkae dakika 20 bila kuligusa, na mkirudi mtakuta donge limetulia, kwa sababu protini za ngano zikishapata maji huanza kushikana zenyewe. Ndipo mkande, siagi laini ikiingia mwishoni kidogo kidogo, maana mafuta yakitangulia huzizuia protini hizo kuungana. Kandeni hadi kipande kidogo, mkikivuta taratibu kwa vidole, kitanuke na kupitisha mwanga bila kuchanika.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba bibi yake hakuwa na mizani, alipima kwa kikombe, na skonzi zake zilikuwa laini ajabu. Sawa. Bibi huyo alitumia kikombe kimoja miaka nenda miaka rudi, na mkono wake ulilijua donge linalofaa. Wewe umerithi karatasi ya vipimo, mkono hukuurithi. Kikombe cha unga ulioshindiliwa kinaweza kukizidi cha unga uliomiminwa taratibu kwa gramu 30, kwa hiyo kwa vikombe vinne umekwisha kupotoka kwa gramu 120 kabla hata ya kuanza kukanda.

Mwingine atasema kwamba basi aongeze hamira ili donge zito lipande. Lipande liende wapi, ilhali limekauka? Sukari huvuta maji na kuichelewesha hamira, hivyo donge tamu huumuka polepole kuliko la mkate wa kawaida. Lisubirini hadi liwe maradufu, saa ya ukutani iseme itakavyo. Maziwa nayo yasiwe ya moto, kwani hamira hufa joto likikaribia nyuzi 60.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayataja mbiombio. Sukumeni donge liwe la mstatili, pakeni siagi, nyunyizeni sukari na mdalasini. Mdalasini ukae kwenye mkunjo, si ndani ya donge, kwa kuwa ukizidi huidumaza hamira. Viringisheni, kisha kateni kwa uzi uliopitishwa chini na kupishanishwa juu, maana kisu hubonyeza. Zipangeni zikikaribiana, ziumuke tena hadi zigusane, mzioke kwa nyuzi 180 kwa dakika 25 hivi. Habari ya maziwa matamu ya kumwagia juu nilikuwa nimeiandalia kurasa mbili, tuiache.

Ila friji siwezi kuinyamazia. Watu huziweka humo skonzi zilizobaki ili zisikauke, na humo ndimo zinamokakamaa upesi zaidi, kwa sababu wanga uliokwisha kuiva hurudia ugumu wake haraka kwenye ubaridi wa friji kuliko juu ya meza. Zifunikeni vizuri mezani hadi kesho yake, au zigandisheni kabisa kwenye friza, na zikihitajika zipasheni moto hadi ndani ili wanga ulainike tena.