Mteja wa Nakuru Akikutafuta Mtandaoni, Anakuta Nini? Turekebishe Hatua kwa Hatua

Karibuni sana. Swali la leo nalisikia kila wiki kutoka kwa wafanyabiashara wa hapa Nakuru: "Niko Facebook, nina tovuti, nalipia matangazo, mbona wateja hawaji?" Jibu langu ni hili, na ndilo video hii nzima: usilipie tangazo hata shilingi moja kabla hujarekebisha kile ambacho mteja anakikuta akishafika kwako. Mtu anayetafuta bidhaa kwa simu ana maswali matatu. Uko wapi? Ni pesa ngapi? Nitakuaminije? Likikosekana jibu la moja tu, anarudi nyuma na kumfungua mwenzako, na wewe hutajua kamwe kwamba alipita.

Mfano wetu leo ni karakana ya fanicha upande wa Shabab. Fundi mwenyewe ameniruhusu tufanye kazi kwenye simu yake, kwa hiyo yote utakayoyaona kwenye skrini ni ya biashara inayofanya kazi. Wewe unaweza kuwa na saluni, gereji, agrovet au nyumba ya wageni. Fuata tu, utaona panapokuhusu.

Hatua ya kwanza, jitafute. Chukua simu ya mtu mwingine, kwa sababu yako imezoea kukuonyesha kurasa zako mwenyewe. Zima Wi-Fi, tumia bando la kawaida. Kisha andika maneno anayoyaandika mteja, si yale yaliyo kwenye kadi yako ya biashara. Hakuna mtu anayekaa sebuleni kwake London Estate, mtaa wa hapa Nakuru, akaandika "suluhisho bora za samani". Anaandika "makochi Nakuru". Anaandika "bei ya kitanda 5 kwa 6". Anaandika "fundi wa viti karibu nami". Tazama hapa: tumeandika "makochi Nakuru", ramani imetokea juu kabisa, ina biashara tatu, na karakana yetu haimo. Yaandike maneno hayo kwenye karatasi, maana tutayahitaji tena tukifika kwenye tovuti.

Hatua ya pili ni kuingia kwenye hiyo ramani. Kinachotakiwa ni Google Business Profile, yaani ukurasa wa biashara yako ndani ya Google, na ni bure. Mtu akikuambia anakutoza ada ya kila mwezi ili Google isikuondoe, mkatalie. Fungua Google Maps ukiwa na akaunti yako, tafuta kwanza jina la biashara yako, kwa sababu wakati mwingine mteja alishakuongeza bila wewe kujua. Ukijikuta, dai umiliki. Usipojikuta, bonyeza sehemu ya kuongeza biashara.

Kwenye jina, andika jina lililo kwenye bango lako, basi. Najua utaona wengine wamejaza "Makochi Bora Vitanda Bei Nafuu Nakuru" kama jina. Ni kinyume cha masharti ya Google, na ukurasa unaweza kusimamishwa wakati umeshakusanya maoni ya wateja. Nguvu ya maneno iko kwenye aina ya biashara. Hapo uchague kwa uangalifu: duka la fanicha si sawa na mtengenezaji wa fanicha, na aina ya kwanza unayochagua ndiyo yenye uzito. Fundi wetu anatengeneza mwenyewe, kwa hiyo tumeweka mtengenezaji kwanza, duka likafuata.

Sasa alama ya mahali. Hapa kwetu anwani ya sanduku la posta haimfikishi mtu popote. Vuta ramani karibu kabisa, tumia picha ya setilaiti, uweke alama juu ya paa lako hasa. Tazama, tulipoanza alama ilikuwa barabarani, upande wa pili wa mtaro. Mwenye bodaboda angemshusha mteja pale na mteja angepiga simu akiwa ameshakasirika. Kisha kwenye maelezo ongeza alama za mtaa: steji iliyo karibu, rangi ya geti, kanisa au shule iliyo jirani.

Uthibitisho ndio unaokwamisha wengi. Mara nyingi Google itakutaka upige video moja mfululizo, isiyokatwa wala kuhaririwa. Panga njia yako kabla ya kubonyeza. Anzia nje, barabara na majengo ya jirani yaonekane, sogea kwenye bango lako, ingia ndani, onyesha vifaa vya kazi, halafu onyesha kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka: fungua kufuli kwa ufunguo wako, au onyesha leseni ya biashara ya kaunti yenye jina lile lile la bango. Usionyeshe nyuso za watu wala kitambulisho chako. Kama hujaweka bango, liweke kwanza, hata la mbao lililoandikwa kwa rangi.

Jaza saa za kufungua, na uziheshimu. Jumapili ukifunga, andika umefunga. Mtu aliyetoka Molo kwa nauli yake akakuta kufuli hatarudi, na ana haki.

Tukiwa bado hapa, tuzungumzie maoni na nyota. Kila mteja aliyeridhika umtumie kiungo cha kuandika maoni siku ile ile fanicha inapofika nyumbani kwake, furaha ikiwa bado mpya. Mwombe ataje alichonunua na anakokaa: "kabati la nguo, nikaletewa Bahati". Usimpe punguzo ili aandike, wala usiwaombe binamu zako waandike. Google inakataza maoni ya kununuliwa, na wateja nao wananusa. Yakija maoni mabaya, jibu kwa upole, taja unachofanya kurekebisha, usibishane. Anayesoma jibu hilo si yule aliyelalamika peke yake. Ni kila mtu atakayekuja baada yake.

Hatua ya tatu ni bei, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Tazama ukurasa huu wa Facebook. Picha nzuri ya seti ya makochi, kijani kibichi, miguu ya mbao. Chini yake mtu ameuliza "Bei?" Jibu: "Njoo inbox." Wa pili ameuliza bei, akajibiwa "Inbox." Wa tatu hakujibiwa kabisa. Desturi hii imetuharibia biashara kuliko kukosa matangazo. Mteja akiambiwa aende inbox anaelewa kwamba bei itategemea jinsi anavyoonekana, au kwamba ni kubwa kiasi cha kufichwa. Fundi wengi wananiambia wanaogopa washindani wataiona. Washindani wako wanaijua tayari, kwa sababu wanaweza kukupigia simu kama mteja na kuuliza. Anayekosa kuijua ni mteja.

Najua kazi ya fundi haina bei moja, kwa sababu kitambaa hubadilika, mbao hubadilika. Basi andika "kuanzia", na useme hiyo kuanzia ina nini ndani yake. Hivi ndivyo tulivyoandika tena tangazo lile: "Seti ya makochi ya watu saba. Kuanzia Sh 45,000 kwa kitambaa cha kawaida, fremu ya saiprasi iliyokaushwa. Veleveti inaongeza Sh 6,000. Inachukua siku 10. Kuletewa ndani ya mji wa Nakuru ni bure. Njoro, Rongai na Gilgil tunakubaliana nauli." Hizo ni bei za karakana hii, wewe weka zako. Angalia jinsi kila sentensi inavyojibu swali ambalo mteja angeuliza. Anayepiga simu baada ya kusoma hayo amekwisha kuamua kwamba pesa anayo, mnazungumzia rangi.

Picha sasa. Picha ya seti nzima iwepo, lakini inayouza ni ile ya karibu. Tumepiga hii hapa asubuhi, mlango wa karakana ukiwa wazi, jua likiingia kwa ubavu: droo ya kabati imevutwa nje nusu, unaona meno ya mbao yalivyoumana kwenye pembe, hakuna msumari. Mtu aliyewahi kununua droo iliyofunguka baada ya mwaka mmoja akiona pembe hiyo anaelewa mara moja analipia nini. Piga pia fremu ya kochi kabla haijavalishwa kitambaa. Sifongo, mikanda, viungo, vyote vionekane. Na tafadhali usichukue picha za fanicha za Uturuki kutoka mtandaoni ukazifanya zako. Mteja atadai kile alichokiona.

Ukitaka kupiga picha nyumbani kwa mteja, mwombe ruhusa kwanza. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na pasipo sheria hiyo pia, sebule ya mtu ni yake.

Hatua ya nne, tovuti. Kabla ya urembo, hakikisha ni yako. Domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, ya .co.ke inaratibiwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, na huuzwa na makampuni yaliyosajiliwa nao. Muulize aliyekutengenezea: domeini imeandikishwa kwa jina la nani, na barua pepe ipi? Kama ni yake, mwombe aihamishe iwe kwako leo, mkiwa bado mnaelewana. Nenosiri la mahali tovuti inapohifadhiwa uwe nalo wewe.

Kisha uzito. Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti 4. Ukiweka 12 kama zilivyo kwenye ukurasa mmoja, unamlazimisha mteja apakue karibu megabaiti 48 ili aone makochi yako, na wengi wananunua bando la siku. Fungua Squoosh, ni programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari, punguza upana wa picha uwe pikseli 1200 hivi, ihifadhi kama WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi. Hii ilikuwa megabaiti 4.1, sasa ni kilobaiti 160, na kwa macho hakuna tofauti. Ukimaliza zote, weka anwani ya tovuti yako kwenye PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya tovuti, usome matokeo ya upande wa simu, maana wateja wako wako kwenye simu.

Lete ile karatasi ya maneno. Kila bidhaa kubwa ipewe ukurasa wake, na kichwa cha ukurasa kiwe na maneno ya mteja pamoja na mahali: "Vitanda vya mbao 5 kwa 6 na 4 kwa 6, Nakuru". Ukurasa unaoitwa "Karibu" hauiambii Google chochote. Wanafunzi wa Egerton kule Njoro wakifungua muhula wanatafuta vitanda vidogo na meza za kusomea. Fundi wetu sasa ana ukurasa wa hivyo tu, na tuliuweka mapema, kwa sababu Google huchukua muda kuutambua ukurasa mpya.

Juu ya kila ukurasa weka vitufe viwili vinavyobonyezeka, cha kupiga simu na cha WhatsApp. Kiungo cha WhatsApp ni wa.me, mkwaju (/), 254, halafu namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Ijaribu mwenyewe.

WhatsApp Business nitaipitia haraka. Weka katalogi yenye bei zile zile za tovuti, ujumbe wa salamu, na majibu ya haraka ya maswali yanayojirudia. Usiwaingize watu kwenye kundi bila kuwauliza. Ukitumia orodha ya matangazo (broadcast), ujumbe utamfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mwombe kila mteja aihifadhi.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: jina la till, ile namba ya malipo ya M-Pesa ya biashara. Mteja akilipa amana kwa M-Pesa, ujumbe anaoupokea unataja jina la till. Kama bango linasema jina moja na till inataja jina la mtu asiyemjua, moyo wake unaruka, na watu wameshaibiwa amana vya kutosha. Hakikisha jina la bango, la ramani, la tovuti na la till ni lile lile, na ueleze hadharani: amana kiasi gani, inarudishwa lini, na risiti anapewa.

Sasa ndipo tangazo la kulipia la Facebook lije. Chagua lile linalomleta mtu moja kwa moja kwenye WhatsApp, weka eneo la Nakuru na miji unayoweza kupeleka mzigo, si Kenya nzima. Tumia ile picha ya droo, na bei iwe ndani ya maandishi. Anza na pesa kidogo kwa siku, uweke daftari kaunta: kila anayeandika au kupiga simu, muulize ametuona wapi, uandike. Daftari likionyesha wanaoandika ni wengi na wanaonunua hakuna, rudi kwenye bei na jinsi unavyojibu. Na siku kadhaa zikipita bila hata mmoja kuandika, simamisha tangazo, badilisha picha, uanze upya kwa pesa ile ile.