Kisicholiwa Hatukipi Jina

Baba na mama, wanafunzi, majirani, asanteni kwa kufika. Kuna mtu hapa Lubumbashi asiyevijua vinkubala, wale viwavi tunaowala? Mnacheka. Hata mti vilikotoka, mama muuzaji sokoni atakutajia. Lakini kile kinachoruka ukipita kwenye nyasi, kidogo kuliko punje ya mchele, kinaitwaje? "Kadudu." Basi, yamekwisha.

Vidudu kama hivyo, vinavyofyonza utomvu, yaani maji ya mimea, ndivyo ninavyovitafuta katika kipande cha miombo kilichobaki ndani ya mji wetu. Vingine mmekwisha kukutana navyo bila kujua. Mti unadondosha maji kiangazi, wingu hakuna, watu wanasema mizimu. Tazama juu: kwenye matawi kuna mapovu, na ndani ya mapovu vitoto vya mdudu. Maji ya mti yana chakula kidogo mno, kwa hiyo vinakunywa mengi kupita kiasi, na yanayobaki yanakudondokea kichwani.

Kuvikamata si kazi ngumu. Wavu wa kitambaa kigumu, unafagia nyasi kushoto kulia mara 20, halafu unakunja mdomo wake upesi. Kwa mti, tandaza shuka jeupe chini ya tawi, ligonge kwa fimbo. Kisha kichupa chenye mirija miwili: mmoja unauelekeza kwa kidudu, mwingine unaunyonya kwa mdomo, na huo lazima uzibwe kwa kitambaa chepesi. Sahau hicho kitambaa siku moja tu, hutasahau tena.

Vikishaingia kwenye alkoli ya asilimia 70, andika karatasi kwa penseli, maana wino wa bic unayeyuka. Tarehe, mahali, na mmea. Huo mmea ndio unaonigombanisha na wanafunzi! Vingi vya vidudu hivi vinakula mmea mmoja au jamaa zake tu. Lakini pia kumkuta mdudu juu ya jani si ushahidi kwamba analila. Huenda upepo ulimleta, kama mgeni aliyeketi barazani kungoja mvua ipite. Tafuteni watoto. Wao hawana mabawa ya kuruka nayo, kwa hiyo walipo ndipo nyumbani. Ila kwa jina la mdudu mtoto hafai: mara nyingi inabidi dume mzima, afunguliwe mkia chini ya hadubini.

Mtaniuliza faida. Mmoja wa jamaa hizi, Cicadulina, hupeleka ugonjwa wa michirizi kwenye mahindi. Inzi weupe hupeleka ule unaokunja majani ya muhogo, sombe yetu. Wengi hawana kosa lolote. Mimi nawataka wote, na hata kutokuwepo kwao: baada ya moto wa kiangazi tulifagia mstari uleule, mara 20, hakuna kitu. Mwanafunzi akataka kuruka ukurasa. Hapana, andika sifuri.

Jumamosi tukutane getini saa tatu, si mapema: umande ukiwepo wavu unalowa na vidudu vinagandamana. Mwenye shuka jeupe kuukuu alilete.