Mgongoni Pasomeke Umesomea Nini

Kamwene, ndugu zangu. Walionisikia Mafinga na Makambako wanajua nitakapoanzia, nami nitalirudia: anayefika kwanza kwa majeruhi ajulikane kiwango chake cha mafunzo kwa maandishi ya kizibaoni, kabla hajafungua kinywa.

Usiku mmoja pale Kitonga, lori lilikuwa limeligonga basi dogo. Kijana mwenye kizibao cha reflekta aliitwa "daktari" na kila mtu, ingawa alikuwa amefundishwa kwa siku chache tu kufunga jeraha na kumlaza majeruhi kwa ubavu. Kando yake alikuwapo mama aliyejifunga kitenge, abiria wa basi lililosimama nyuma yetu, ambaye alisema kwa upole kwamba yeye ni muuguzi na kwamba shingo ya dereva isigeuzwe. Wanaume wakamsogeza: "Mama, mpishe daktari." Kijana hakuwa amejitangaza daktari; alizidiwa na heshima aliyopewa, akaigeuza shingo ile. Hospitalini ilionekana haijavunjika, lakini kama ingekuwa imevunjika, kizibao kile kingemlemaza mtu ilhali mwenye ujuzi amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Kuna wanaosema kwamba damu inapomwagika hakuna anayesoma maandishi. Nimechoka kulijibu jambo hili, lakini nalijibu tena: msomaji si majeruhi, bali ni askari wa barabarani anayeamua nani apishwe, na ni muuguzi anayepokea machela na kutaka kujua maelezo anayopewa yanatoka kwa nani.

Marekani wana ngazi nne za kitaifa za wahudumu wa dharura. Ya chini huzuia damu na kushtua kwa mashine ya umeme moyo uliosimama. Ya pili huongeza huduma za msingi ndani ya gari la wagonjwa. Ya tatu huweka dripu na kutoa dawa chache. Ya nne, paramediki, huingiza mrija wa hewa kooni na kusoma mchoro wa umeme wa moyo. Ile nyota ya buluu ya ncha sita mnayoiona kwenye magari ya wagonjwa hutambulisha huduma tu, haisemi ngazi. Kwa hiyo ngazi lazima iandikwe kwa maneno. Uingereza jina la paramediki linalindwa na sheria, na asiyesajiliwa akilitumia ametenda kosa.

Rangi za vizibao peke yake hazitoshi kuonyesha ngazi, kwa kuwa katika ukungu wa milima ya Uporoto, chini ya taa za malori, buluu na kijani hufanana. Neno la ngazi liwe la Kiswahili, kwa herufi kubwa zinazoakisi mwanga, kifuani na mgongoni.

Kuhusu kadi ya kumtambulisha mhudumu nitasema moja tu, maana muda umekwisha: iwe na tarehe ya mwisho, kama cheti cha rejista ya kitaifa ya Marekani kinachohuishwa kila baada ya miaka 2. Wakufunzi mlioketi mstari wa mbele, vizibao mlivyovaa vimeandikwa "Huduma ya Kwanza" tu; naomba neno la ngazi lishonwe kabla ya mazoezi ya kesho.