Bisi za Wiki Iliyopita

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naomba tuanzie kwenye jumba la sinema.

Mwaka 2011, wanasaikolojia David Neal, Wendy Wood na wenzao walichapisha jaribio ambalo mimi hunikosesha raha kila nikilikumbuka. Watu waliokwenda kutazama filamu walipewa bisi. Baadhi walipata zilizotoka kukaangwa, wengine wakapata zilizokaa siku 7, zimelegea, ladha imeshakwisha. Wasio na mazoea ya kula bisi sinemani walikula kidogo tu zile zilizokaa. Wenye mazoea walikula zilizokaa kwa kiasi kilekile ambacho wenzao walikula zile mpya. Tena si kwamba walizipenda. Walipoulizwa walisema si tamu.

Ulimi ulijua. Mkono haukuwa na habari. Mazoea yakishakomaa hayangoji ruhusa yako. Mahali pakiwa palepale na taa zikizimwa, mkono huenda wenyewe.

Ndiyo maana siridhiki na mtindo wa kupima tabia kwa kuhesabu siku. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, wakakadiria kuwa jambo jipya huchukua siku 66 hivi hadi kuwa jepesi, ingawa kwa wengine zilikuwa 18 na kwa wengine 254. Utafiti mzuri. Lakini unaeleza jambo linakuwaje jepesi, hauelezi kama linastahili kufanywa. Hata kusengenya huwa kwepesi kukirudiwa.

Lugha yetu imelificha jambo hili mahali pa wazi. Tunasema "ana tabia ya kuchelewa", na tunasema "ana tabia njema". Neno ni lilelile: unalolirudia, na ulivyo. Al-Harith al-Muhasibi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki Baghdad mwaka 857, jina lake linatokana na muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake. Hesabu yetu hii ya dukani na shuleni ina mzizi huohuo. Wala anayefunga hesabu haishii kuuliza kama duka lilifunguliwa kila siku. Anauliza lilileta nini.

Sasa kuna kosa naliona mara nyingi, na mimi nimelifanya. Mtu akigundua kwamba jambo fulani halimsisimui tena, hulitupa, akisema limekosa maana. Polepole! Anayemtembelea mgonjwa kila wiki, zipo siku moyo wake ni mkavu kabisa. Anakwenda kwa sababu amezoea kwenda. Je, hizo ni bisi zilizolala? Hapana, maana mgonjwa amepata mtu wa kukaa naye. Mazoea yamembeba pale ambapo hisia zingemwangusha. (Ya kupiga mswaki tuyaache; si kila kitu kidaiwe maana.) Kwa hiyo mimi siulizi kwanza najisikiaje. Nauliza: nani anashiba kwa jambo hili? Nikikosa kumpata hata mmoja, pamoja na mimi mwenyewe, hapo nina kazi ya kufanya.

Kulijua hilo si rahisi, kwa kuwa mazoea hufanya kazi tukiwa hatuangalii. Watafiti walewale wa bisi walikuwa na jaribio jingine: waliwataka watu kula bisi kwa mkono wasiouzoea. Basi hapo hata wenye mazoea walianza kula kulingana na ladha. Badiliko dogo namna hiyo liliwarudisha kwenye ulimi wao.

Nami nikajaribu kubadili mkono. Kwa miaka mingi nimempigia mama simu kila Jumapili jioni, na nilijivunia kwamba sikosi. Shikamoo, marahaba, mzima, mzima, wote wazima, haya usiku mwema. Dakika nne. Mara moja nikampigia Jumatano. Akapokea kwa hofu: "Kuna nini, mwanangu? Nani anaumwa?" Nikamwambia hakuna anayeumwa, nataka tu kujua ameshindaje. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba miezi miwili sasa macho yanamsumbua, na kusoma ameacha.

Miezi miwili, ndugu zangu. Hizo ni Jumapili nane, na zote nane nilipiga.