ENKA IMETEGUKA? FANYA HIVI KABLA HUJAKIMBILIA MAJI YA MOTO

Haya wadau karibuni, leo tunaongelea enka, mana Dar hii sijui ni barabara sijui ni haraka zetu, mtu karuka daladala pale Buguruni ikiwa bado inatembea, mwingine kacheza chandimu jioni na vijana wa mtaani, mwingine yuko zake na viatu virefu anashuka ngazi za ukumbini, wote wanakuja kwetu sisi mafizio, watu wa tiba ya mazoezi ya viungo, na kitu kilekile, kifundo cha mguu kimevimba upande wa nje kama andazi na mtu anachechemea.

Na wengi wanaokuja sio mara yao ya kwanza. Aliteguka mwaka jana, akakandwa, maumivu yakaisha, akarudi uwanjani, akateguka tena palepale. Kwaiyo video ya leo sio ya kuondoa maumivu tu, maumivu ya enka yanaisha hata ukilala tu nyumbani, ila kuisha maumivu na kupona ni vitu viwili tofauti na ntakuonyesha kwa nini.

Huyu dogo hapa ndo atatusaidia, aliteguka juzi kwenye mpira. Dogo panda kitandani, nyoosha mguu, kamera ishuke kidogo hapo... eeh hapo.

Kabla ya mazoezi yoyote tujue kwanza kama mfupa umevunjika au la. Kuna vipimo vya mkono ambavyo madaktari wa Ottawa kule Kanada walivitoa mwaka 1992 na mpaka leo hospitali nyingi duniani zinavitumia, vinasaidia kujua nani apigwe eksirei na nani hana haja. Cha kwanza, je, uliweza kutembea hatua 4 pale pale ulipoumia, na sa hivi unaweza? Hata kwa kuchechemea, hatua 4 tu. Cha pili unabonyeza mifupa. Angalia kidole changu, huu mfupa unaochomoza kwa nje, nabonyeza ncha yake na ukingo wake wa nyuma kupanda juu kama sentimita 6. Unauma hapa dogo?

"Hapana dada."

Nakuja wa ndani, hivyo hivyo, nyuma yake. Hapa? Hamna. Nashuka kwenye unyayo, upande wa nje katikati kuna kimfupa kimejitokeza, ukipapasa utakikuta, hiki hapa, kinaelekea kidole kidogo. Halafu huku ndani juu ya upinde wa unyayo. Hamna? Sawa. Sasa nabonyeza hapa mbele kidogo ya mfupa wa nje, kwenye nyama...

"Aah hapo hapo dada!"

Mmeona? Hapo sio mfupa, hapo ni kano, zile kamba ngumu zinazoshika mfupa na mfupa. Unyayo ukigeukia ndani, kano za nje ndo zinavutika au zinachanika, na hiyo ya mbele ndo inaumia kuliko zote. Ila kama ingeuma kwenye mifupa niliyobonyeza, au hatua 4 zimemshinda, hapo hamna video wala nini, nenda kapige picha. Na hivi vipimo usivitumie kwa mtoto mdogo, wala kwa mtu aliyelewa, wala mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi, mana hao unaweza kubonyeza mfupa umevunjika na wasikwambie kitu. Mguu ukiwa umepinda, au vidole vimekuwa vya baridi na vimepauka, usibonyeze chochote, hospitali moja kwa moja.

Haya, siku mbili tatu za kwanza. Hapa ndo kuna ugomvi na mama zangu na shangazi zangu, nawapenda sana ila naomba mniskilize, siku hizo USIKANDE na maji ya moto na USICHUE. Kano imechanika, vimishipa vya damu vimepasuka, joto linaongeza damu kwenda pale na kuchua kunazidi kutonesha, ndo mana mtu analala na uvimbe mdogo anaamka kiatu hakiingii. Pombe nayo iache kwanza.

Unachofanya, unafunga bandeji ile ya kuvutika, unaanzia kwenye vidole unapanda mpaka juu ya kifundo, ibane lakini sio mpaka vidole vibadilike rangi, ukiskia ganzi fungua ufunge upya. Afu unalala mguu uko juu ya mito, juu kuliko kifua, sio unauweka tu kwenye stuli huku umekaa unaangalia mechi, hiyo haisaidii sana. Barafu, chukua chupa ya maji iliyoganda, izungushie kitambaa, weka dakika 10 mpaka 15, toa, rudia baadae. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi itakuunguza. Barafu yenyewe kazi yake kubwa ni kupunguza maumivu, usidhani inaponyesha, hata yule daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliyeitangaza sana kuanzia 1978, baadae mwenyewe alisema inaweza kuchelewesha kupona. Kwaiyo ukikosa friji usijione umekosa tiba.

Dawa za maumivu, naona watu wanaingia famasi wanatoka na diklofenaki wanameza wiki nzima. Kama una vidonda vya tumbo, figo, presha au una mimba, usimeze bila kuuliza.

Mguu ukianza kukubali, na mara nyingi ni siku ya pili au ya tatu, tunaanza kuuchezesha. Usisubiri mpaka maumivu yaishe kabisa. Sheria yangu kwenye maumivu ni moja, kati ya sifuri mpaka 10, yakiwa 3 endelea, yakipita hapo punguza, na kesho asubuhi ukiamka mguu umevimba kuliko jana basi jana ulizidisha.

Dogo, vuta kidole gumba kije kwako, sukuma kiende mbele, taratibu. Fanya 20. Sasa tumia kidole gumba kama kalamu andika herufi hewani, a mpaka z, herufi kubwa kubwa, goti litulie kinachoandika ni kifundo. Mara tatu kwa siku inatosha. Kisha chukua khanga, pitisha chini ya unyayo hapa kwenye vidole, shika ncha zote mbili, vuta kuja kwako goti limenyooka mpaka uskie inavuta nyuma kwenye kigimbi, kaa hapo sekunde 30, achia, rudia mara tatu. Na kutembea tembea tu nyumbani, kisigino kinatangulia, ukichechemea sana tumia gongo au fimbo mkono wa upande MZIMA, sio upande unaouma, hili watu wanakosea kila siku.

Kuna kipimo kizuri cha ukutani. Simama unaangalia ukuta, unyayo chini, piga goti likaguse ukuta kisigino kisinyanyuke. Goti linagusa? Rudisha mguu nyuma kidogo, jaribu tena. Ukifika mwisho pima kutoka kidole gumba mpaka ukutani, afu fanya mguu mzima. Dogo hapa mguu mzima sentimita 11, unaouma 6. Hiyo tofauti ndo kazi yetu ya wiki hii.

Sasa nguvu. Usiende kununua mpira wa mazoezi wa bei, nenda kwa fundi baiskeli muombe kipande cha tyubu ya zamani, kikate kwa urefu upate kama mkanda. Funga ncha moja kwenye mguu wa meza nzito au kitanda, ncha nyingine kwenye unyayo, tyubu itokee upande wa ndani, afu sukuma unyayo kwenda NJE, rudi polepole, kurudi polepole ndo zoezi lenyewe usiachie ikurushe. Mara 12, pumzika, raundi tatu. Misuli inayofanya hii kazi iko hapa pembeni ya mguu, ndo inayoukamata unyayo usigeukie ndani, kwa mtu aliyeteguka inakuwa imelala kabisa. Halafu shika ukuta, nyanyuka kwa vidole, miguu yote miwili, mara 15. Ukizoea, mguu mmoja.

Na hapa ndo penyewe, tulieni kidogo. Ndani ya zile kano kuna neva zinazoiambia akili unyayo umekaaje hata bila kuangalia. Kano ikichanika na zenyewe zinavurugika, kwaiyo maumivu yameisha, nguvu ipo, lakini ukikanyaga kijiwe au shimo pale Tandika mguu unachelewa kujirekebisha na unaenda tena. Ndo mana anayeteguka sana ni yule aliyewahi kuteguka. Kukandwa hakurudishi hicho kitu, sindano hairudishi, bandeji ya kuvaa inasaidia wakati wa kucheza lakini nayo hairudishi. Kinarudi kwa kufundishwa.

Dogo simama mguu mmoja, ule unaouma, karibu na ukuta usije ukaanguka. Sekunde 30. Wadau angalieni unyayo wake unavyotetemeka huku na huku, kameraman sogea... mnaona? Huo mtetemeko mzuri, ndo unajifunza. Ukiweza 30 bila kugusa chini, fumba macho. Utacheka mwenyewe. Ukiweza na hiyo, simama juu ya mto au godoro lililokunjwa, macho wazi kwanza. Baadae mtu akurushie mpira udake. Mi nawaambia wagonjwa wangu fanya wakati unapiga mswaki, asubuhi kulia usiku kushoto, hamna visingizio vya muda.

Kurudi uwanjani usiangalie kalenda peke yake. Mteguko mdogo wiki moja mpaka tatu, wa kati unaweza kwenda mpaka wiki sita, kano ikikatika kabisa hata miezi mitatu na zaidi. Angalia mguu unaweza nini: unaruka kwa mguu huo mmoja sawa na mwenzie, unakimbia mbele bila kuchechemea, afu unakimbia zigizaga na kukata kona. Usianzie mchanga wa Coco Beach, mchanga unazama na mguu haujui unakanyaga wapi, anzia uwanja wa sawasawa.

Kama wiki mbili zimepita na hamna nafuu, au enka inakuachia kila mara, au kigimbi kimevimba kina joto na kinauma, hicho cha mwisho usisubiri hata siku moja mana inaweza kuwa damu imeganda, nenda. Muhimbili pale kuna MOI, taasisi ya mifupa, Msasani kuna hospitali ya CCBRT, na hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke, Mwananyamala, ulizia fiziotherapia. Kama una bima uliza mapema inalipia mara ngapi na kama unahitaji karatasi ya daktari. Fizio mzuri siku ya kwanza anakuuliza maswali mengi, anapima miguu yote miwili, na unatoka na mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Ukiona kila ukienda unawekewa mashine dakika 20 unalala unalipa unaondoka, na hujasimama hata mara moja, uliza nafundishwa lini mazoezi, ni haki yako. Beba picha ya eksirei kama ulipiga, beba na kiatu unachochezea, na vaa kaptula au suruali pana, mana jinzi ya kubana tutakaa tunahangaika nayo tu mpaka muda wako uishe.