Tela ya kulala nyuma ya gari ya umeme, Morogoro tunafika?

ZUHURA: Haya tupo hewani, mimi Zuhura, na leo Beda kaja na stori ya tela, sio za kubebea ng'ombe jamani, zile ndogo za kulala, kitanda ndani na kajiko ka gesi nyuma. Anataka tuzivute na gari ya umeme. Beda, inawezekana au unatuchosha tu?

BEDA: Inawezekana kabisa dada, ila inategemea gari. Wengi wanaoniuliza wana Nissan Leaf za zamani, sasa kitabu cha gari chenyewe kinasema usivute tela, hapo mjadala umeisha. BYD Atto 3 ya soko la Ulaya imeruhusiwa kilo 750, Hyundai Ioniq 5 mpaka kilo 1,600 kama tela ina breki zake. Fungua kitabu kwanza ndo uende kwa fundi wa kuchomelea, maana mafundi wetu hawakatai kazi.

ZUHURA: Hahaha atakwambia "bosi hata semi utavuta". Na chaji je? Nasikia inaisha kama bando.

BEDA: Inaisha, ila watu wanadhani ni uzito. Mlaji mkubwa ni upepo. Tela ikizidi paa la gari, ile sehemu iliyochomoza ndo inapigana na hewa njia nzima, na ukitoka spidi 80 kwenda 100 ukinzani wa hewa unapanda zaidi ya nusu, yaani umewahi dakika chache afu chaji imekwenda. Chukua tela fupi, tembea 80, basi.

ZUHURA: Tupigie hesabu ya Moro.

BEDA: Tuseme betri ni kilowati saa 60. Gari peke yake inakula kama 17 kila kilomita 100, unapata kilomita 350. Ukiunga tela weka 28 mpaka 30, unabaki na 200 hivi, na Dar Moro ndo karibu hizohizo. Utaingia stendi ya Msamvu pale Moro unasali.

ZUHURA: Na kule ni kupanda!

BEDA: Kupanda wala hakutishi. Moro iko kama mita 500 juu ya bahari, gari na tela tuseme tani mbili na nusu, mlima wote huo ni kama kilowati saa 3 na nusu, na kiasi kinarudi ukishuka kuja Dar, mota inageuka jenereta ukiachia mafuta.

ZUHURA: Mafuta gani sasa?

BEDA: Pedeli bwana! Haya. Mi ningeanza na Bagamoyo, kilomita 70 hivi, unaenda na kurudi huwazi kitu. Moro unavunja safari Chalinze, ni kilomita mia na ushee, na hapa ndo naipendea tela, unalala popote penye soketi. Tafuta gesti yenye uwanja, ongea na mwenyewe, chomeka. Soketi ya pini tatu ukiiweka chaja yako ampia 10 inatoa kilowati 2 na kidogo, kwa masaa 12 unaingiza kilowati saa 24 hivi, hiyo ni kama kilomita 80 na tela yako.

ZUHURA: Mwenye gesti akiona mita ya LUKU inavyokimbia atakutoa usiku usiku.

BEDA: Ndo maana mnasoma mita pamoja kabla na baada, unamlipa uniti zake na soda juu. Afu baada ya nusu saa rudi uguse plagi. Ikiwa ya moto, au imelegea kwenye tundu, au unasikia harufu ya plastiki, chomoa, tafuta soketi nyingine. Ikiwa vuguvugu tu shusha ampia mpaka 8 au 6. Waya za gesti nyingi nyembamba na humohumo kuna friji na mtu anapiga pasi.

ZUHURA: Mi kinachonitisha ni basi la mkoani likikupita, tela si inacheza?

BEDA: Inacheza ukipakia vibaya. Madumu ya maji na vitu vizito vikae kwenye ekseli, mbele kidogo, ili pale kwenye kiungo pakae kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela. Ukijaza nyuma itapiga mkia. Ikianza, shika usukani unyooke, usikanyage breki, punguza taratibu, na kwa gari ya umeme usiachie pedeli ghafla kwasababu mota inashika na tela bado inakusukuma.

ZUHURA: Na kwenye chaja za haraka unaingiaje na hilo limkia?

BEDA: Huingii. Chaja nyingi zimepangwa gari iingie kwa pua, kwahiyo unafungua tela pembeni, unazuia matairi kwa mawe, mmoja anaenda kuchaji mwingine analinda.

ZUHURA: Analinda nani?

BEDA: Si wewe.

ZUHURA: Mi napanda treni ya SGR, tutakutana hukohuko.