Fungua Sampu Kabla Hujafunga Injini

Naona injini hii niliyoileta imewavutia. Imeoshwa, imepakwa rangi, hata boliti zinang'aa. Haya, niambieni: inafaa kufungwa kwenye gari au haifai?

Mmenyamaza, na mmefanya vizuri. Hakuna anayeweza kujibu kwa kuitazama.

Walionisikia siku nyingine wanajua nitakachosema, nami nitakisema tena. Injini kuukuu ikiwa bado iko chini, haijaingia kwenye gari, ifungue sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini. Usiseme ukipata nafasi. Ifungue.

Kuna fundi hapa anajibu moyoni: "Nimepima kompresheni, ule mgandamizo wa ndani ya silinda, zote ziko sawa, sampu ya nini?" Sikiliza, ndugu yangu. Geji ya kompresheni inakupa habari za ringi, valvu na gasketi ya silinda hedi. Inaishia hapo. Beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haizijui kabisa. Injini inaweza kukupa shinikizo la psi 170 kila silinda, na huko chini beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, imeshalika.

Nililijua hili kwa uchungu. Niliwahi kuletewa injini ya petroli ya silinda nne, imetolewa kwenye gari lililogongwa nyuma. Nikajiambia, gari limekufa kwa ajali, injini haina kosa. Nikaizungusha kwa spana kwenye boliti ya puli, mizunguko miwili kamili, maana ndiyo inayopitisha kila silinda kwenye hatua zake zote nne. Ikazunguka laini. Nikapima kompresheni, tofauti kati ya silinda moja na nyingine haikufika asilimia 10. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, oili safi kama asali. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Gari limegongwa, limekaa, nani kaliwekea oili mpya, na kwa nini? Sikuuliza. Nikafunga.

Mwenye gari alikuwa mama anayelitegemea kwa riziki yake. Alirudi siku ya tatu, gari linavutwa, injini inagonga sauti nzito kutoka chini. Niliposhusha sampu nilikuta oili inametameta chembe za metali, na chujio la pampu limezibwa na vipande vya gundi ya gasketi. Mtu aliwahi kuifungua, akapaka gundi nyingi kupita kiasi, ikamegukia ndani. Oili haikuwa inafika kwenye beringi. Kufungua sampu, kazi isiyomaliza saa moja, kungemwepusha mama yule na hasara. Gharama nililipa mimi, na ilikuwa haki nilipe mimi.

Kwa hiyo ukishusha sampu, futa mabaki ya chini kwa kitambaa cheupe, ukitazame kwenye mwanga. Wengine hupitisha sumaku, ikitoka safi wanashangilia. Sumaku hunasa chuma tu. Unga wa beringi ni shaba au alumini, sumaku haiunasi hata kidogo. Kisha fungua kifuniko cha konrodi, japo kimoja au viwili. Weka alama kwanza, maana kila kifuniko hurudi kwenye konrodi yake na kwa upande uleule. Beringi yenye rangi ya kijivu iliyotulia ni nzuri. Ukiona rangi ya shaba inachungulia, tabaka la juu limekwisha. Na kuna injini ambazo boliti za konrodi hurefuka zikikazwa. Hizo weka mpya, usizirudishe.

"Lakini muuzaji aliiwasha mbele yangu!" Uligusa bloku kabla hajawasha? Kama ilikuwa ya moto, ameshaipasha, na zile dakika za kwanza ambazo injini iliyochoka hutoa moshi na kelele hukuziona. Na oili nzito huficha mgongano. Mimi kuwashiwa tu hakunitoshi.

Sasa haraka, muda unanikimbia. Kama una kompresa, ingiza hewa kwenye tundu la plagi ujue silinda inavujia wapi, pistoni ikiwa juu, valvu zimefunga. Krenki ishikiliwe imara, maana hewa inaweza kuizungusha ikaumiza mkono. Ukisikia hewa kwenye egzosi, ni valvu ya egzosi. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Ikitoka njia za maji, shuku gasketi au hedi yenye ufa. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, kuna maji ndani, usiipuuze. Oili sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili isivuje, badilisha sasa hivi; gari likishafungwa utateremsha giaboksi ndipo uifikie. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji vivyo hivyo, sitavieleza leo.

Wawili waje hapa mbele na spana namba 10. Oili nilishaimwaga. Inyanyueni kwa winchi, msiipindue kichwa chini, uchafu wa sampu utamwagikia kwenye silinda. Anzeni boliti za pembeni. Wengine sogeeni karibu, mnipe kile kitambaa cheupe.